Shada la Mama Mdogo Atu

Maji ya ndoo yaliyolala na mabua ya maua yana harufu yake, kati ya tope na majani mabichi ya viazi, na hadi leo nikiisikia popote husimama wima kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyuma ya jiko letu pale Uyole. Mama yangu alipanda maua kufuata mfereji wa maji ya kuoshea vyombo: yale meupe ya shingo ndefu, yaliyojikunja kama karatasi ya kufungia karanga. Sisi tuliyaita maua ya bondeni, kwa kuwa aliyachimba huko bondeni mwenyewe, akayabeba na udongo wake ndani ya kanga. Miezi ya baridi, ukungu ulipogoma kuondoka na malori ya barabara kuu yakapita yamewasha taa mchana, maua yale yaling'aa uani kwetu kuliko kitu kingine chochote. Mama aliyapenda na kuyalinda na kuku kwa fimbo na kwa matusi ya Kinyakyusa ambayo mimi nilikatazwa kuyarudia.

Kazi ya maua yale ilijulikana mtaa mzima. Akifa mtu, kabla hata turubai halijafungwa, kuna aliyetumwa kwetu kuomba shada. Mama alipasua mwanzi akapata fito nyembamba, akaikunja mpaka ncha zikutane, akaifunga kwa kamba ya mgomba, kisha akaizungushia matawi ya msaiprasi na kuchomeka maua moja moja. Mimi nilikaa kwenye kigoda, kazi yangu kumpitishia maua. Shada likiisha, aliliegemeza kwenye ukuta wa jiko, uso wake ukitazama njia, ili atakayekuja kulichukua alione. Basi mimi nilikua nikijua kwamba shada likiegemea ule ukuta, kuna mtu ameondoka. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo, kama vile hakuna aliyenifundisha kwamba moshi maana yake jikoni kuna moto.

Mwaka ule nikiwa darasa la tatu, mama mdogo Atu alichumbiwa na kijana wa Kalenga, kule Iringa. Mama mdogo Atu, yaani Atuganile, alikuwa mdogo wake mama, lakini mama ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha, akamfundisha kupika na kukaa na watu. Sherehe ya kumuaga ingefanyika Uyole, ndoa Iringa. Kamati ikakaa sebuleni kwetu, na jambo lililowagawa lilikuwa maua. Wengi walitaka mpambaji wa mjini Mbeya, aliyekuwa na maua ya kitambaa ya zambarau na dhahabu, yasiyonyauka wala kumwaga maji ukumbini. Mama alicheka. "Maua yamejaa nyuma ya jiko, halafu tukaazime ya kitambaa?" Mama mdogo Atu, aliyekuwa akigawa chai, akasimama na birika mkononi akasema kwa sauti ya kutosha, "Mimi nitapambwa na dada." Kamati ikahamia kwenye habari ya chakula. Nadhani sijawahi kumwona mama amefurahi kama siku ile. Alikwenda uani akajifanya anafukuza kuku, na kuku hawakuwepo.

Kosa lilianza hapo, na lilikuwa kosa la mikono iliyozoea. Mama alijua kusuka shada la aina moja tu. Siku mbili kabla ya sherehe alisuka kubwa la kutundika nyuma ya kiti cha bibi harusi, la mviringo, la msaiprasi na maua meupe, kisha akasuka na dogo la kushika mkononi, nalo la mviringo. Akayaegemeza kwenye ukuta wa jiko, yakitazama njia, kama ilivyokuwa desturi yake. Yeye aliona maua tu. Mtu aliyetengeneza kitu kwa upendo hakioni kama wanavyokiona wengine.

Nilirudi kutoka shule mchana. Mlangoni palikuwa na viatu nisivyovijua. Masufuria makubwa ya kanisani yalikuwa yameinjikwa uani, kina mama wamejifunga kanga wakimenya viazi bila kelele, kwa kuwa ndani kulikuwa na wageni wa heshima. Kisha nikaliona shada. Mama mdogo Atu alikuwa akikohoa wiki nzima, na asubuhi ile nilimwacha amelala. Nilitupa begi, nikaweka mikono kichwani kama nilivyowaona watu wazima wakifanya, nikaingia sebuleni nikipiga ukunga: "Mama! Mama mdogo Atu amekufa!"

Wageni wale walikuwa wakwe, waliotoka Kalenga kuja kukamilisha mipango. Shangazi wa bwana harusi, mama mtu mzima aliyekuwa amewasalimia wenyeji "kamwene" ya Kihehe kwa uchangamfu mlangoni, aliweka kikombe chini akauliza kwa upole, "Kuna msiba hapa mmetuficha?" Mama mdogo Atu akatokea chumbani, mzima kabisa, nusu ya nywele zimesukwa. Watu wakacheka, kicheko kile cha kusukuma aibu nje ya mlango. Mmoja wa kina mama akaeleza kwamba mtoto ameona shada, na shangazi yule akageuza shingo, akaliona na yeye kupitia mlango wa uani. Alijifunika bega kwa kitenge, akarudia chai yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa mbele ya wakwe.

Jioni mama mdogo Atu alimfuata mama jikoni. Alilia kabla hajasema. "Dada, nisamehe. Siwezi kukaa mbele ya lile shada. Nitakuwa namsikia mtoto." Mama akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mdogo wangu. Ni sawa." Akatoka, akayageuza mashada yote mawili yakatazama ukuta. Mpambaji akaja na zambarau na dhahabu zake, ukumbi ukapendeza, mama akacheza mpaka viatu vikamshinda. Mcheza kwao hutunzwa, husema watu, lakini siku ile mama alicheza kwao akatunzwa kwa maua ya kuazima. Hakunikemea. Laiti angenichapa, ningelia, yakaisha. Wiki iliyofuata mzee mmoja jirani alifariki, na lile shada kubwa likaongezwa maua mapya likaenda kaburini. Toka hapo sikukaa tena kwenye kile kigoda. Nilipoona fito, nilijipa kazi ya kuchota maji.

Mama mdogo Atu yuko Kalenga hadi leo, ana watoto na mashamba, na huninyooshea kidole kwenye sherehe akisema, "Huyu aliwahi kunizika." Watu hucheka, na mimi hucheka. Mwaka jana nami niliolewa, Iringa mjini ninakofanya kazi. Miezi yote ya maandalizi nilisubiri mama aseme habari ya maua. Siku moja akapiga simu, akauliza, "Mpambaji umeshampata?" Nilitaka kumwambia sitaki mpambaji, namtaka yeye na maua ya bondeni. Ulimi uliokuwa mwepesi utotoni ukawa mzito. Nikajibu, "Nimeshampata, mama." Mpambaji wangu alileta waridi, na mama aliyasifia moja moja. Siku hizi sherehe za mtaa mzima hupambwa na watu wa mjini, na maua ya mama yangu yanakwenda kwa wafu peke yao.

Juzi nilikwenda Uyole nikamkuta mama anasuka shada la jirani aliyefariki. Mfereji umejengewa saruji, maua yamebaki kipande kidogo. Kigoda kilikuwepo, nikakaa. Alisuka kitambo, kisha akasema bila kuinua macho, "Siku yangu ikifika, usiniletee mpambaji."

"Mama, mimi sijui kusuka."

"Si ndiyo maana nakwambia nikiwa hai. Shika fito."

Nikaishika, nikaikunja, ikakatika. Akanipa nyingine.