Aliyetaka Aitwe Mara Moja Tu

Nikisema haya yalinitokea mimi mwenyewe, wenzangu wa kanisani hucheka na kuniuliza kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, miguu imevimba, na akili zangu zote kichwani. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa shahidi wa nusu ya jambo hili, na ile nusu nyingine nimeilea kwa mikono hii mpaka ikamaliza shule. Basi kaa nikusimulie. Mimi huongea sana, hilo nakubali, lakini siongezi chumvi.

Ilikuwa likizo ya Aprili, katika ile miaka ya tisini. Wesley, mume wangu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Kiptere. Rafiki yake wa karibu aliitwa Odhiambo, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Huyo Odhiambo aliruhusiwa na wakubwa wake atumie nyumba ya mbao iliyokuwa kando ya bwawa, ndani kabisa ya mashamba ya chai, pale karibu na msitu. Zamani wazungu walikuwa wakija hapo kuvua samaki aina ya trauti. Sasa ilikaa tupu miezi mingi, na Odhiambo akasema ni dhambi nyumba nzuri namna hiyo kuachiwa popo. Tukapanda pikapu ya kuazima, sisi wawili, yeye, mkewe Akinyi na watoto wao wawili, na magodoro juu.

Mimi na samaki tulikuwa hatujuani. Nimezaliwa Ndanai, na mama yangu alimwita samaki nyoka wa mtoni. Hakuna sufuria yake iliyowahi kuguswa na kitu kama hicho. Wesley ndiye aliyefundishwa na Odhiambo kula, akaonja, akanogewa. Asubuhi ya kwanza nikawaona wanaume wawili wazima wamekaa kwenye mawe na fimbo ndefu zenye uzi na ndoano, kimya, wakingoja.

"Kwetu sisi tunatupa nyavu," Odhiambo akasema. "Hapa ni kubembeleza samaki mmoja mmoja kama unachumbia."

"Na bado anakukataa," Akinyi akamjibu kutoka jikoni, na hata mimi nikacheka.

Lakini nikwambie kweli, kicheko changu hakikufika mbali. Kabla ya mimba ile nilikuwa nimepoteza nyingine mbili. Mama mkwe wangu alikuwa ameacha kuniuliza habari, na mama mkwe akiacha kuuliza, ujue amekata tamaa. Wesley hakuwa mtu wa kusema mambo ya moyoni. Alinichotea maji, akanikunjia blanketi, kisha akaenda kuvua. Usiku nilikuwa nikiwasikia watoto wa Akinyi wakinong'ona na kuchekana upande wa pili wa ukuta wa mbao, na nilikuwa nikijishika tumbo gizani. Unaweza kuwa katikati ya watu wanaokupenda na bado ukawa peke yako. Hilo nililijua katika nyumba ile, kabla mgeni hajaja.

Siku ya pili, baada ya chakula, walienda wote upande wa pili wa bwawa. Akinyi alitaka kubaki nami, nikamfukuza. "Nenda, dada, mimi nitalala." Mtu husema hivyo akitumaini mwenzake atakataa. Hakukataa.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia yeyote. Tangu asubuhi mtoto hakuwa amecheza tumboni.

Nilikaa karibu na moto, nikangoja. Wewe unajua Aprili ya huku, asubuhi jua na alasiri mvua, lakini siku hiyo ukungu ulitangulia. Kwanza bwawa likapotea, halafu miti, halafu ngazi za veranda. Sauti za watoto zikakatika. Nikalia, sikufichi. Nililia kwa sauti kwa sababu hakukuwa na wa kunisikia.

Nilipofuta macho, palikuwa na bibi mzee amesimama mlangoni, nje kidogo ya kizingiti. Alijifunga blanketi lililopauka, na masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa kwa mtindo wa bibi zetu wa zamani. Niliogopa? Hata kidogo. Mabibi wa kuokota kuni hupita mashambani kila siku. Nilifurahi, nikwambie, nilifurahi kuona uso wa mtu. Tukasalimiana kwa Kikipsigis.

"Ingia, kogo, uote moto," nikamwambia. Kogo ni bibi kwa lugha yetu.

Hakuingia. "Kogo ni wengi," akasema. "Unamkaribisha nani?"

"Sijui jina lako, kogo."

"Taprandich."

Kumwita mzee kwa jina lake tupu ni kukosa adabu, lakini alisimama pale akingoja, na baridi ilikuwa inaingia. Nikasema, "Basi ingia, Taprandich."

Alifumba macho. Alifumba kama mtu aliyewekewa mkono wenye joto mgongoni baada ya kutembea kwenye mvua. Akavuka kizingiti. Na wakati huohuo, uniamini usiniamini, mtoto akanipiga teke la nguvu mpaka nikashika ukuta.

Nilimmiminia chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Akakishika kwa mikono miwili, nikamwona akinywa taratibu, funda kwa funda. Aliniambia nyumba yake ilikuwa pale tulipoegesha gari. "Kabla ya chai," akasema. Mimi nikadhani anachanganya mambo, wazee huchanganya. Akaniomba nimwite tena. Nikamwita. Akavuta kigoda karibu na moto. Akaomba tena, nikamwita tena, na kila nilipomwita mtoto alicheza. Wewe ungeacha? Ningemwita mpaka asubuhi.

Halafu akanitazama tumbo. "Wawili wa kwanza hawakukaa," akasema. Sikuwa nimemwambia. "Huyu anataka kukaa. Mtakapowaita wazee, mniite na mimi. Mara moja tu."

Kama si mtu wa kwetu, acha nikueleze. Mtoto wa Kipsigis akizaliwa, bibi zake humzunguka na kutaja majina ya wazee wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi, na mtoto huitwa kwa jina hilo nyumbani maisha yake yote. Tumeokoka, tunabatiza, lakini hilo bado tunalifanya, mlango ukiwa umefungwa.

"Wakiwa wanaita," akasema yule bibi, "mimi husimama mlangoni. Nasikia wanamtaja huyu, wanamtaja yule. Wananiruka. Sikuzaa. Nani atamkumbuka mtu ambaye hakuzaa?" Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Nikamwahidi. Nilimwahidi haraka, kwa moyo wote, bila kuuliza ni wa ukoo gani wala anakaa wapi. Mtoto wangu alikuwa anacheza. Ningemwahidi hata nyumba.

Ndipo nikasikia Akinyi akiniita kwa jina langu kutoka ngazini, akihema. Nikageuka kumjibu. Nilipogeuka tena kigoda kilikuwa tupu. Akinyi alikuwa amesimama kwenye mlango huohuo mmoja wa nyumba ile, na hakuna mtu aliyepishana naye. Kikombe kilikuwa kando ya moto, kimejaa mpaka juu, na utando wa maziwa umelala juu yake mzima, haujaguswa na mdomo.

"Unaita nani, dada?" Akinyi akaniuliza. Alikuwa ananitazama vibaya. "Tumekusikia ng'ambo ya maji. Tangu ukungu uingie unaita tu, jina moja, jina moja. Watoto wameanza kulia."

Mimi nakumbuka kuita mara chache, nimekaa, kwa sauti ya kawaida. Wesley naye alifika, amelowa, akasema amenisikia vilevile, na kwamba nilikuwa naita kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Odhiambo aliacha mzaha. Alipakia magodoro usiku huohuo, na samaki wote tukawaacha kwenye beseni.

Chelangat alizaliwa Julai, mzima, mwenye mapafu ya kutangaza. Mama mkwe akaja na wanawake wa ukoo, wakafunga mlango, wakaanza kuita. Waliita bibi wa huku na bibi wa kule. Mtoto kimya. Wakamwekea ugoro kidogo puani. Kimya. Walirudia majina yote, na nikaona uso wa mama mkwe ukibadilika, kwa sababu mtoto asiyepata jina watu humwogopea. Mtoto akaanza kupumua kwa shida. Mimi nilikuwa kitandani, sina haki ya kuita katika kikao kile. Lakini nilikuwa nimeahidi, na nje ya mlango uliofungwa nilijua kuna mtu amesimama. Ulijuaje, utaniuliza. Baridi ilikuwa inaingia kwa chini, na nje kulikuwa na jua.

Nikasema polepole, "Taprandich."

Mtoto akapiga chafya. Akapiga tena, na tena, kisha akalia kilio kizuri chenye nguvu na kutafuta titi.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mkwe aliuliza, "Hilo jina umelitoa wapi?" Nikamwambia ni la mtu niliyemwahidi. Akaweka kichupa cha ugoro chini, akajifunga leso, akatoka, na kwa miaka mingi hakunywa chai yangu. Nilifikiri ana hasira kwa sababu nimemletea mgeni ndani ya ukoo. Niliamini hivyo, nikavumilia hivyo.

Alipougua ugonjwa wa mwisho ni mimi nilimwosha. Siku moja akanishika mkono. "Si mgeni," akasema. "Ni wetu. Alikuwa mke wa ukoo huu, tasa. Watu walipohamishwa kupisha chai, alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Wakamwachia maziwa, wakamwambia watarudi kumchukua. Mama mkwe wangu alinieleza, akaniambia jina hilo lisitajwe tena nyumbani." Nilimuuliza kama walirudi. Akageuza uso ukutani.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, nikalia kuliko nilivyolia kwenye ile nyumba ya bwawa. Nilimlilia yule bibi na maziwa yake, akisikiliza njia.

Sasa Chelangat ni mtu mzima. Hana kasoro yoyote, usinielewe vibaya. Ni mcheshi, ni mchapakazi, ana kazi nzuri Nakuru. Ila tangu utotoni hawezi kukaa chumba ambacho hakuna mtu, na mvua ikianza husimama mlangoni, si dirishani, mlangoni, mpaka mtu amwite kwa jina. Kila jioni hunipigia simu. Hatuongei mengi. "Mama, niite," ananiambia. Mimi naita lile jina, namsikia akivuta pumzi, halafu tunaagana. Wesley alipokuwa hai alikuwa akitoka nje tukianza hayo.

Mwaka jana nilimuuliza Chelangat, kwa mzaha wa mama, nitapewa mjukuu lini. Akasema hataki kuzaa, kamwe, na nisimuulize tena. Yeye ndiye mtoto wangu pekee. Nikasema sawa, mama. Simu ilipokatika nilibaki nimekaa jikoni, moto ukizima, nikihesabu ni nani kwenye ukoo huu atakayelitaja jina langu siku moja, na sikumpata.

Sasa sikia ninachokuomba. Ukienda kutembea huko kwenye chai, ukungu ukashuka, na mama mzee akasimama mlangoni akitaka umwite, mpe chai, mpe moto, lakini usimwahidi kitu. Mwambie utamwombea, basi, ufunge mlango. Utaweza kumtambua mapema, maana huongea sana, na atakuambia haongezi chumvi. Usimwahidi. Hata kama ni mimi.