Bua Nililochomeka Shamba la Jirani

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua imepiga alfajiri, ikakata saa nne, halafu likatoka jua la kuchoma.

Leo nilikwenda Kakese kumwona mgonjwa, na wakati wa kurudi nikapita pale palipokuwa na shamba la bibi. Sasa ni nyumba na nyumba, mabati mekundu na kuta za matofali. Nilisimama kidogo, miguu inauma. Mimi niliishia darasa la saba, na huenda nakumbuka vibaya, lakini acha nikueleze.

Miaka ya tisini, mimi nikiwa msichana wa miaka kama kumi, shamba lile lilikuwa la watu watatu. Ardhi ilikuwa ya bibi, mtu wa kabila la Wabende, wenyeji wa hapa, aliyeijua kila kona. Nusu yake alimpa jirani tuliyemwita mama wa maharage. Wazazi wake walitoka Burundi kabla sijazaliwa, na sijaona tena mkono kama ule kwenye matuta. Mtu wa tatu ni babu wa ng'ombe, Msukuma aliyeshuka na kundi lake kutoka kaskazini. Kiangazi ng'ombe wake walikula mabua na kulala humo humo shambani, ndani ya boma la miiba lililohamishwa kila baada ya siku chache. Tuliamka na harufu ya samadi na maziwa. Mvua ikija, kabichi zilikuwa kubwa mpaka nilibeba moja moja kichwani. Sokoni zilikwisha kabla ya saa sita, na magunia ya maharage yalipanda treni kwenda Tabora. Watu wakisema mji huu umejengwa na serikali na wenye maduka, sibishi, nao walifanya kazi. Ila ulikuwa unakula kwetu.

Kulikuwa na utaratibu mmoja. Ng'ombe hawaingii mpaka mwenye shamba achomeke bua lililofungwa nyasi kichwani. Bua likisimama, maana yake tumeshavuna, karibuni.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, bibi alinipa bua nikalichomeke upande wetu, kule mwisho, mtoni. Upande wa mama wa maharage, ule wa karibu na njia, maharage yalikuwa yameng'olewa na kulundikwa yakauke, bado kupigwa. Jua lilikuwa kali na wenzangu walikuwa wananiita tukacheze rede. Nikalichomeka pale pale njiani, nikakimbia.

Kesho yake asubuhi nilisikia kelele. Ng'ombe walikuwa wamelala juu ya maharage. Yale ambayo hayakuliwa yalikuwa yamekanyagwa.

"Mwizi wewe!" mama wa maharage alipiga kelele. "Umewalisha ng'ombe wako chakula cha watoto wangu!"

"Mayu, mama yangu, bua nimelikuta limesimama," alisema babu wa ng'ombe.

"Nani achomeke bua kwenye maharage? Nyie Wasukuma mnaona ng'ombe tu, watu hamuoni!"

"Na nyie mliopewa ardhi juzi, leo mna sauti!" akajibu kijana mkubwa wa babu wa ng'ombe, na baba yake akamnyamazisha kwa fimbo ya mguuni.

Bua lenyewe lilikuwa limeshaliwa. Bibi alinitazama. Mimi nikatazama chini.

Mama wa maharage alikwenda sokoni akayarudia maneno yale mbele ya watu. Simlaumu, alikuwa na watoto sita na chakula chao kilikuwa kile. Babu wa ng'ombe hakubishana tena. Mvua za kwanza alileta maksai akamlimia mama wa maharage shamba lake lote, siku tatu, bila kuombwa. Siku ya tatu nikaweka bakuli la uji chini. Nikamwambia bibi. Hakunipiga. Alinishika mkono mpaka shambani, akasema, "Haya, sema kama ulivyoniambia."

Nikasema. Babu wa ng'ombe alisimamisha maksai, akacheka mpaka akakohoa. "Ng'wanone, mwanangu, sasa nifanyeje? Nilime kinyumenyume niirudishe ardhi ilivyokuwa?" Mama wa maharage hakucheka. Aliketi kwenye tuta. "Nimemwita mwizi sokoni," alisema. "Nitamfuata kila aliyesikia?"

Alijaribu, nisimpunje. Alikwenda sokoni akasema amekosea. Lakini waliosikia neno la kwanza hawakuwa wote pale siku ya la pili, na lile la kwanza watu walikuwa wamelipenda zaidi. Watoto waliendelea kuwazomea vijana wa babu wa ng'ombe njiani. Kiangazi kilichofuata bibi alichomeka bua kwa mkono wake mwenyewe, mahali panapostahili. Likakaa mpaka likaoza. Babu wa ng'ombe alikuwa ameshahamisha kundi. Alituma salamu kwamba anafuata malisho.

Huenda ni kweli alifuata malisho. Mji nao ulikuwa unakuja, viwanja vilikuwa vinapimwa, na shamba lisingebaki hata hivyo. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini kabichi za mwaka ule, zilizokosa samadi, zilikuwa kama ngumi, na bibi aliponipa kubeba alinipa tatu kwa mara moja.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na maharage ya kununua, na maziwa ya mgando ya pakiti.