Zulia la Kijani Ukweni

Chekeni tu, maana hata mke wangu akiikumbuka siku ile huacha maharage jikoni yakaungua, lakini mimi sikucheka, mimi niliyaona mauti yamevaa maua ya zambarau, tena mbele ya wakwe.

Kwetu ni Ijumbi, migomba na kahawa, maji tunayoyajua ni ya kisima na ya mvua basi. Ila shuleni nilikuwa na kichwa (nani anaguna huko?), na mwalimu wa Kiingereza alitukaririsha kwa fimbo kwamba shore ni ufukwe, ndugu zake ni coast, beach na bank, na hiyo hiyo shore ni mwega, ule mti unaouzuia mgomba wenye mkungu usianguke. Nikameza yote. Ziwa lenyewe nililiona kwa mbali tu, nikiwa kwenye basi la kwenda Bukoba.

Sasa nikampenda Adela, muuza dagaa wa soko la Muleba. Baba yake, Mzee Magesa, ni Mkerewe aliyefuata samaki akahamia kisiwani huku kwetu. Huyu mzee alishamzika binti yake mkubwa. Aliolewa na mfanyabiashara mmoja mwenye maneno matamu, akasema yeye mzima kama chuma, kumbe ule ugonjwa ulikuwa umeshamwingia, ukamla yeye, ukamla na binti wa watu. Miaka ile mnaikumbuka, tulikuwa tukitoka msiba huu tunaingia ule hata jembe halipati nafasi. Kwa hiyo mzee alikuja sokoni kunipima kwa maswali mawili.

"Damu umepima?"

Nikasema nimepima Bukoba, niko salama. Na ilikuwa kweli tupu.

"Na ziwa unalijua? Mwanangu amezoea maji."

Hapo ningesema silijui, yangekwisha. Lakini Adela alikuwa ananiangalia, ulimi ukanitangulia kwa heshima zote za Kihaya: "Waitu mzee, mimi nimekulia ufukweni! Shore, coast, beach, bank, zote nazijua!"

Akanitazama weee. "Mwongo mmoja alishanizikisha mtoto," akasema, "wa pili simtaki. Njoo nyumbani na mkubwa wako."

Nikaenda na baba mdogo kwa mtumbwi, yeye amebeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mimi nimevaa mabuti yake aliyorudi nayo kutoka vitani (saizi yake na yangu ni mbingu na ardhi, nikajaza magazeti). Tulipokaribia mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa, nikaona kitu kikanitoa machozi. Kijani kitupu! Majani mabichi yametandazwa mpaka kwenye mawe, yamepambwa maua ya zambarau kama altare wakati wa Kwaresima. Nanyi mnajua kwetu Wahaya, mgeni wa heshima akija nyumba hutandikwa nyasi mpya, naye huvua viatu akazikanyaga taratibu. Nikajisemea, kumbe hawa wavuvi nao wastaarabu, wamenitandikia mpaka nje!

Nikavua mabuti, nikafunga kamba zake pamoja, nikayaning'iniza shingoni.

"Kaa chini we kijana," nahodha akasema, "bado hatuja..."

"Niachie bwana, mimi mtu wa ufukweni."

Nikashuka. Mguu wa kwanza ukashika, nawaapia ulishika, nikageuka hata kuwapungia mkono akina mama waliokuwa wanaanika dagaa. Wa pili haukushika kitu. Yale yalikuwa magugu maji, ndiyo kwanza yameingia ziwani, sisi wa bara nani alituambia? Nikazama mzima mzima. Chini giza, mizizi imenishika uso kama nywele za mtu, mabuti yamejaa maji yananivuta shingo, nikataka kusali nikakumbuka sala ya chakula peke yake. Nilipoibuka na jani kichwani nikasikia akina mama wanapiga yowe, na baba mdogo yeye analia kwa Kihaya, "Mawe, mama yangu! Mabuti yangu!"

Mabuti, jamani. Siyo mimi.

Mzee Magesa ndiye aliyenivuta kwa upondo. Nikatapika maji na magazeti sijui yalifikaje mdomoni. Kisiwa kizima kikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulisema umekulia ufukweni."

"Waitu mzee, hata kwenye karai siogelei."

"Basi na damu hukupima."

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko nilivyoshtuka majini. Adela alikuwa mlangoni mwa nyumba yao, pale pale ufukweni, na birika la chai, akaliweka chini, akaingia ndani.

"Nilipima mzee! Haki ya Mungu nilipima!"

"Hata ya ufukweni uliyasema hivyo hivyo, tena kwa Kiingereza."

Akakichukua kile kibuyu, hakijafunguliwa, akamrudishia baba mdogo. Nanyi mnajua rubisi ikirudi haijafunguliwa maana yake ni nini: posa imekataliwa. Nimelowa, nanuka dagaa, nikasema tu: "Mzee, twende wote Bukoba. Watoe damu hii huku unaona."

Kisha akamwambia baba mdogo, "Kiweke hapo. Kisifunguliwe."

Tukaenda, nikatobolewa anaangalia. Majibu yenyewe enzi hizo yalikawia, kula sili, nikaanza kuogopa hata kile nilichokijua. Siku nilipoitwa nikamwomba mzee aingie nami. Nesi akasema kijana ni mzima, mzee akamwambia rudia, akarudia. Tulipotoka akakaa kwenye ngazi, akavua kofia akajifunika nayo uso, na mabega yakawa yanacheza. Sikumgusa. Nilijua anamlilia nani.

Kibuyu tulikifungua kisiwani. Rubisi ilikuwa imechacha, kali inauma meno, na tuliinywa yote, hakuna aliyekunja uso.

Tangu hapo nisichokijua nasema sikijui, hata mbele ya warembo. Na kijani chochote nakichoma fimbo kwanza. Juzi nimefika nyumbani, mama katandika nyasi mpya sebuleni, nikaanza kuchoma choma mlangoni. "We mtoto," akasema, "unatafuta nyoka?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Natafuta chini."