Mafuta ya Mbuzi Kwenye Platini

Wiki iliyopita, hapa Kakuma, nilimwona fundi akipitisha kikaratasi kikavu kati ya platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyoiletea cheche jenereta kuukuu. Nikaikumbuka harufu ya petroli kisimani Lodwar, ambako baba alitunza pampu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, pampu iligoma, na mbuzi walikuwa wakilia kwa kiu. Baba alisafisha platini, akaenda kuazima plagi. Nikabaki peke yangu, nikazipaka platini mafuta ya mbuzi ili zipone, kama nyanya alivyowapaka wagonjwa.

Baba aliporudi, alivuta kamba ya kuwashia pampu hadi viganja vikachubuka, isiwake.

“Fundi, pampu yako ni ya kutazamwa tu?” mchungaji mmoja wa mbuzi alimkejeli.

Jioni mbuzi wa mchungaji yule walianza kufa. Baba aliacha ufundi, akiamini mkono wake ndio uliokosea.

Kwamba mafuta huzuia cheche, nilijifunza darasani nikiwa mjane, miaka miwili baada ya kumzika baba.