Foto ya Kichwa cha Papa

Je, mtu angependa kuonyeshwa leo ugonjwa utakaomfikia baada ya miaka mingi, wakati hata ya kesho hayajui? Swali hilo sijalijibu mpaka sasa, na kila nikilikumbuka naona aibu upya, kwa sababu lilinikuta kwenye korido ya hospitali, Bukavu, wakati wa vita, mbele ya korali nzima, kwaya ya parokia yetu.

Papa, baba yangu, alikuwa akiota kwa mwili mzima. Katika ndoto alirudi Kalehe, ziwani, akipiga kasia ndani ya ukungu mweupe, na kasia hilo (yaani mkono wake) lilimpata Maman, aliyelala kando yake, mbavuni, begani, mara moja jichoni, hata majirani wakaanza kumtazama mzee vibaya. Daktari mmoja mtafiti, aliyekuja hospitalini kwetu kwa siku chache, nilipomsimulia akaniambia kwamba usingizi wa namna hiyo huweza kutangulia ugonjwa wa kutetemeka au wa kusahau. Ng'ambo walikuwa wakijaribu kupiga picha za ubongo, waone kama dalili zimeanza ndani kabla hazijatokea nje, naye alitaka kumwona Papa, pengine asafiri naye.

Nami, msomi wa chuo kikuu, nikaona maneno hayo ni mazito mno kwa mzee. Nikamwambia tu: "Dokteri anataka foto ya kichwa chako."

Basi. Kaka yangu Kizito alikuwa amekwama Sange, barabara imefungwa na vita, na Papa alikuwa akitafuta kila namna ya kumjulisha kwamba tuko hai. Aliposikia foto, alisikia Kizito: picha ya kumtumia. Nilipofika hospitalini nikakuta korido imejaa: Papa na suti na kravati, nywele zimenyolewa upya, Maman na liputa mpya, kitenge cha sikukuu (jicho bado jeusi, amelipaka poda), na waimbaji wote na mavazi yao ya misa, kwa kuwa Kizito alikuwa besi wao.

"Tusimame wapi?" Papa akamuuliza daktari. "Na juu ya nini kichwa tu? Mutupige bote, mpaka na viatu!"

Daktari akanitazama. Ikabidi niseme: "Papa, ni foto ya bongo. Ya ndani. Na mashini haiko hapa, iko ng'ambo."

Mwimbaji mmoja akauliza: "Sasa ile kravati itaonekana mu bongo?"

Korido ikaangua kicheko, hata wagonjwa waliolala kwenye machela. Papa peke yake hakucheka. "Bongo yangu iko na nini?"

Nikamweleza yote pale pale, mbele ya wote, huku kicheko kikizimika kwa mmoja baada ya mwingine. (Tangu siku hiyo sijamfupishia mtu ugonjwa wake.)

Papa akalegeza kravati. "Dokteri, mukiiona, dawa ya kuizuia iko?"

"Haiko bado, Papa."

"Basi ile nafasi mupatie mwingine. Miye nataka foto ya kutumia Kizito."

Asubuhi iliyofuata nikawapeleka wote studio. Nyuma kulikuwa na pazia lililochorwa ziwa. Papa akakaa mbele yake, macho yameenda mbali.

"Papa, usitikise mukono," akasema mpiga picha.

"Sitikisi."

Sote tukautazama mkono wake wa kulia juu ya goti, ukipiga kasia polepole, naye hajalala. Nikaushika, korali ikasogea karibu, tukapigwa picha.