Moto wa Kuomba

Asubuhi za utoto wangu, kule kijijini Biliqo, zilianza kwa kutumwa moto. Nyanya yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alijua sana kufukia makaa kwenye jivu yakakesha humo, lakini moto wake aliuacha uzime makusudi. Kisha alinigusa kwa mguu pale kwenye ngozi niliyolalia. "Enda uombe moto," alisema. Nikirudi hakuuliza habari ya moto. Aliuliza nani anakohoa, mbuzi wa nani wamezaa, na mume wa nani amerudi kutoka Isiolo mikono mitupu.

Kaa nililibeba juu ya kipande cha kinyesi kikavu cha ng'ombe, nikilipuliza njia nzima. Sikumbuki nikikanyaga chini. Katika kumbukumbu zangu naelea tu kati ya nyumba za mikeka, zikifuka moshi mojamoja, ukungu wa mto bado umelala, na ule wekundu mdogo mkononi mwangu ukifumba na kufumbua. Labda ndivyo watoto wote hukumbuka, sijui. Najua nilikuwa na furaha.

Wanaosema ukame huja kwa kishindo hawakuwa kule. Kwetu uliingia kimyakimya, mwishoni mwa miaka ya sabini. Ng'ombe walikufa, vijana wakapanda lori kwenda mjini kutafuta kazi ya kulinda maduka, wake zao wakawafuata, baba na mama yangu wakiwemo. Mimi niliyajua haya yote kwa miguu, maana safari ya kuomba moto ilizidi kurefuka. Nilifika kwenye boma la jana nikakuta duara la miiba na jivu katikati. Nilidhani watu wamekunjwa pamoja na mikeka yao.

Mwishowe upande wetu zikabaki nyumba mbili tu. Moja yetu, na nyingine ya mwanamke mzee ambaye nyanya hakusemezana naye tangu kabla sijazaliwa. Kosa lake? Kwenye arusi fulani alisema maziwa ya nyanya yananuka kama nyumba iliyoungua. Sisi hufukiza vibuyu kwa vijiti vinavyowaka ili maziwa yasiharibike, na kila mwanamke hujivunia moshi wake. Neno lile lilimkaa nyanya rohoni kama mwiba.

Sasa hakuwa na mwingine wa kumwomba moto. Nikawa mdomo wao.

"Mwambie huyo aliyekutuma, achukue kaa ndogo. Kuni si ya babake."

"Mwambie huyo mwenye kuni, moto ni ya Mungu."

Walisikiana vizuri kabisa, kila mmoja mlangoni pake, lakini walinisubiri nifike na kusema. Sikupunguza hata neno. Mengine niliyaongezea chumvi.

Siku moja baba akaja na lori kutuchukua sote wawili.

"Mama, hapa hakuna watu tena," alimwambia nyanya.

"Watu wako."

"Nani?"

Nyanya akaonyesha kwa kidevu ile nyumba ya pili. "Yule."

"Si hata salamu hampeani?"

"Nikienda, atamnunia nani?"

Baba akacheka. Nyanya hakucheka, na kicheko kile sijakisamehe mpaka leo. Nilipakiwa peke yangu, juu ya magunia, nikawatazama wale wazee wawili wakididimia kwenye vumbi, kila mmoja kwake.

Wabera, mtaa wa mjini Isiolo, nilikuta watu wengi kuliko niliowahi kuwaona, na hakuna aliyenituma moto. Mama alipikia stovu ya mafuta ya taa. Mlango wa jirani ulikuwa na kufuli. Nilikaa pale kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha, na hofu yangu ilikuwa moja: kule nyuma, nani anawabebea maneno? Nilimwuliza mama. Akaniambia ninywe chai.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, nyanya alishuka mwenyewe kutoka kwenye lori la mbuzi, bila kuitwa. Aliketi, akaweka fimbo chini, akasema mwana wa yule jirani amemchukua mamake, amempeleka Burat, nje kidogo ya mji, kwenye shamba lake. Waliondoka alfajiri bila kumuaga. Asubuhi ile nyanya alikwenda kuomba moto kwa miguu yake mwenyewe, akakuta nyumba imekwisha kung'olewa. Palibaki mahali pa moto. Akachokoa jivu kwa fimbo.

"Makaa makubwa," alituambia. "Amenifukia makubwa, na jivu amepanga vizuri. Yule hajawahi kunipa kaa kubwa."

Akajifunika uso kwa leso, akalia. Baba safari hii alitazama miguu yake.

Kesho yake nyanya alitaka Burat. Tulitembea polepole, mimi na yeye, tukapita mahindi machanga na maji yaliyonong'ona kwenye mfereji, mpaka nyumba ya udongo iliyosimama peke yake shambani. Yule mzee alikuwa ameketi nje kwenye mkeka. Alituona tangu mbali, akageuza uso upande wa mahindi. Tulipofika alisogea kidogo, pakabaki nafasi mkekani.

Nyanya akaketi. Nami nikajipenyeza katikati yao, magoti yao yakinibana huku na huku. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, na hakuna aliyetoa salamu.

"Mwambie huyu," nyanya akaniambia mwishowe, "moto niliona."

Nikamgeukia yule mzee, nikamwambia. Alikuwa bado anatazama mahindi.

"Mwambie nimesikia."

Nikamgeukia nyanya. "Amesikia," nikasema.