Nilivyowachunguza Wabulgaria

Kwetu Ukambani binti hatolewi nyumbani kabla ya watu wake kuuliza anaenda kwa nani. Wao ni mbai gani, yaani ukoo upi? Wana hasira? Mgeni kwao hulala njaa? Binti yangu wa pekee alipopata ufadhili wa kusomea udaktari Bulgaria, hakuwa anaolewa, lakini kwangu ilikuwa ni yale yale. Nilimwambia haendi mpaka niwachunguze hao Wabulgaria.

"Mami, utawachunguza aje na wako mbali hivyo?"

"Kwani mbali hakuna majirani?"

Nina hoteli ndogo Mtito Andei, na madereva wa malori wanaokula kwangu wametembea. Niliwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyejua chochote, ila mmoja aliyesikia kwamba hao ni watu wa maziwa lala, yale yaliyoganda. Hilo lilinituliza kidogo, kisha likaacha kunituliza. Wiki hiyo nilitia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, chumvi mara mbili, nikafagia palipokwisha fagiwa, nikagombana na muuza makaa ambaye maskini hakuwa amenikosea.

Mwishowe nilimbana mwalimu wa historia anayekula kwangu mchana. Alifurahi sana, nadhani wanafunzi wake hawamuulizi kitu. Akasema Wabulgaria ni watu wa zamani. Herufi wanazoandikia hata Warusi zilianzia kwao, na vitabu vya dini katika lugha ya Kislavi vilitoka kwao vikaenea kwa majirani. Kisha Waturuki wakawatawala karibu miaka mia tano, na bado lugha yao hawakuiacha.

"Wakaidi," nikasema.

"Sana."

Nikaanza kuwapenda. "Na mgeni je? Mtu asiye wa damu yao?"

Mwalimu akaweka kijiko chini. Katika vita vya Hitler, alisema, walikuwa upande wa Wajerumani, na Wajerumani wakataka wapewe Wayahudi wa Bulgaria wakauawe. Mipango ilikuwa tayari. Maaskofu wakakataa, wabunge wengine wakakataa, majirani wakapiga kelele, na Wayahudi hao hawakupelekwa. Nusura nipige vigelegele katikati ya sahani. Nilimwongeza nyama bila kuulizwa.

Lakini hakuigusa. "Mama, kuna ingine," akasema. "Kuna sehemu za Ugiriki na Makedonia walikuwa wameteka. Wayahudi wa huko hawakuhesabiwa kuwa raia. Hao serikali ya Bulgaria iliwakamata, ikawapeana. Karibu wote waliuawa."

"Serikali hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Waliotetewa ni wale ambao watu walikuwa wanawajua."

Nilichukua sahani yake kabla hajamaliza. Nilikasirika kweli, na sikujua ni nani wa kukasirikia. Nilitaka wawe wazuri nimwachilie mtoto, au wawe wabaya nimkatalie, basi tulale. Badala yake niliambiwa ni watu. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara nikitazama malori yakielekea Mombasa, nikarudi, nikatoka tena. Nilijaribu kuwaza kama sisi hapa tungechunguzwa hivyo, tungeonekana vipi. Nikaacha, maana jibu sikulipenda.

Kesho yake asubuhi binti yangu alikuwa jikoni akinimenyea viazi. Alikuwa amengoja neno langu kwa siku nyingi bila kulalamika, na huo wenyewe ulikuwa ukaidi.

"Utaenda," nikamwambia. "Lakini usikae huko kama mgeni. Lugha yao ujifunze. Kanisani kwao uingie, hata kama wanaimba vingine. Utafute mama wa kukugombeza ukichelewa kurudi. Siku shida ikikuja, kuwe na mtu wa kusema huyu ni wetu."

"Sawa, Mami," akasema upesi, macho yake yakiwa bado kwenye viazi.

Nilitaka abishe, hata kidogo. Nilikuwa nimemwomba mtoto wangu awe wa watu wengine, naye akakubali.